Sabufa ya 5.1 na deki ya DVD yenye matundu sita: ina sarandi kweli au tunauziwa maboksi?

Nianze na hili maana ndo linawaumiza watu wengi. Ile 5.1 inayoandikwa kwenye boksi la sabufa mara nyingi inahesabu spika tu, spika tano ndogo na besi moja, basi imetoka hiyo. Haikwambii kama sauti itagawanywa kweli na kila spika ipate ya kwake. Unaweza ukawa na spika tano sebuleni zote zinaimba kitu kilekile, ukaambiwa hiyo ndo sarandi, yaani sauti ya kukuzunguka, na ukakubali kwa sababu kelele ipo ya kutosha na jirani ameshaanza kugonga ukuta.

Mimi nimechukua Kariakoo sabufa ya kichina, jina siliweki maana mzigo ni uleule, stika ndo inabadilika kila kontena likiingia. Tulivutana bei mpaka ikafika laki mbili na arobaini, halafu nikachukua deki ya DVD ya mtumba elfu thelathini na tano. Hiyo deki ndo muhimu kuliko mnavyofikiria, ntaelezea.

Muuzaji wa duka la kwanza alinitolea seti ya laki moja na tisini, taa za rangi zinacheza mbele, mziki umefunguliwa mpaka vioo vya kaunta vinatetemeka. "Bosi wangu hii 5.1 kabisa, hesabu mwenyewe, tano na sabufa yake." Nikamwambia kaka naomba uigeuze nione mgongoni. Akaigeuza kwa kusitasita kidogo. Mgongoni pana matundu mawili tu ya kuingiza sauti, jekundu na jeupe, yameandikwa AUX, mengine ni ya kutolea sauti kwenda kwenye spika zenyewe. Ina flashi, bluetooth, redio na kadi, lakini sehemu ya kupokea sauti iliyogawanywa hamna. Sasa ikiingia sauti ya kushoto na ya kulia tu, hiyo ya katikati na za nyuma zinatoka wapi? Zinakopiwa. Spika ya nyuma kushoto inapewa kilekile cha mbele kushoto, ya katikati inachanganyiwa zote mbili, na mteja anaondoka anafurahi. Sikatai, kwa kupiga mziki kwenye shughuli iko poa sana, ila usiiite sarandi.

Niliyoinunua mimi mgongoni ina AUX yake na chini yake mstari wa matundu sita yaliyoandikwa FL, FR, SL, SR, CEN na SW. Mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, katikati na sabufa. Hiki ndo kitu cha kutafuta. Usisome boksi, soma mgongo.

Lakini na hiyo nayo peke yake haitoshi, maana hii sabufa yenyewe ni amplifaya tu, haijui kufumbua chochote. Kwenye diski ya DVD ile sauti ya njia sita imebanwa kwa mfumo unaoitwa Dolby Digital, ndo ule ule unaoandikwa AC3, na lazima pawe na kifaa cha kuufumbua ndo zipatikane sauti sita tofauti. Deki za kawaida zinafumbua halafu zinakunja tena ziwe mbili, ndo zile unazoona nyuma zina njano nyekundu na nyeupe tu. Deki yangu nyuma ina matundu sita ya kutoa sauti, sawasawa na sita ya kwenye sabufa. Sita kwa sita. Deki za namna hiyo zilikuwa nyingi sana miaka ile ya DVD, mafundi wanazo zimelala stoo wanakuuzia bei ya supu, hawajui hata zile tundu za nyuma kazi yake nini.

Nimefunga vyote, nikaweka diski orijino ambayo shangazi alinitumia toka Muscat, nikabonyeza pleya. Zikalia mbili za mbele tu. Hapa ndo wengi wanarudisha mzigo dukani na ugomvi juu. Unaingia kwenye setingi za deki, sehemu ya spika, utakuta palipoandikwa Downmix, yaani kukunja sauti ziwe chache, pamewekwa LT/RT au Stereo toka kiwandani. Badilisha iwe 5.1CH. Halafu washa na spika moja moja hapohapo chini, ya katikati na za nyuma unaziweka Small kwa sababu ni vispika vidogo haviwezi besi, na Subwoofer unaiweka On. Ukitoka hapo rudi kwenye filamu, bonyeza AUDIO kwenye rimoti, juu ya skrini inatokea maandishi kama AC3 5.1CH. Ukiona 2CH ujue hiyo sauti uliyochagua ni stereo, bonyeza tena utafute nyingine, diski orijino nyingi zina zaidi ya moja.

Na jamani tofauti ipo. Kuna sehemu mvua inaanza kunyesha, mbele unasikia maongezi tu yanatoka pale chini ya TV, mvua iko nyuma ya kochi na juu ya mabega kabisa. Mlango ukafungwa upande wa kulia nyuma, mama watoto akageuka kuangalia mlango wetu. Wakati ukiirudisha ile ile kwenye AUX, maongezi na mvua na mziki vyote vinakuja kwa pamoja toka kila kona, unaongeza sauti ili usikie wanachosema, mvua nayo inaongezeka.

Kwa hiyo hizo namba, tuziweke sawa. 5 ni njia tano kamili, mbili za mbele, ya katikati ambayo inabeba karibu maongezi yote, na mbili za nyuma za mazingira. Ile .1 ni njia ya besi peke yake, inaitwa pointi moja kwa sababu inabeba kipande kidogo tu cha chini, mpaka Hz 120 hivi, wakati njia nyingine zinafika Hz 20,000. Inatumika kwa milipuko, radi, ndege kupita, vitu vya kutikisa. Haimaanishi kwamba bila hiyo hakuna besi kabisa. Ukiona 7.1 ni kwamba zimeongezwa mbili zaidi za nyuma. Ukiona 5.1.2 ile namba ya tatu ni spika za juu, za darini au zinazopiga sauti juu igonge dari irudi, hiyo ndo Dolby Atmos, ilianza kwenye majumba ya sinema 2012 na majumbani 2014. Saundibaa nyingi za bei rahisi zimebandikwa Atmos na ndani zina spika mbili, utajaza mwenyewe.

DTS ni mpinzani wa Dolby Digital. Ilikuja kwenye sinema mwaka 1993 na Jurassic Park, na kilichonifurahisha ni kwamba kule sinema sauti haikuwa kwenye mkanda wa filamu, ilikuwa kwenye diski za CD pembeni, mkanda una alama tu za kuiambia mashine ya diski tumefika wapi. Kwenye DVD, DTS inatumia nafasi kubwa kuliko Dolby, Dolby mwisho wake kbps 448 (kiasi cha data kwa sekunde) wakati DTS inafika 1,509, ndo maana watu wanabishana ipi tamu. Mimi kwa hizi spika zangu za plastiki sioni tofauti na nina mashaka na anayesema anaiona. Cha kujua ni kwamba deki nyingi za bei chee hazifumbui DTS, hazina leseni yake. Ukiichagua kwenye menyu ya filamu, picha inaendelea na sauti inakata kimya. Deki haijaharibika, rudisha kwenye AC3 maisha yaendelee. Yangu iko hivyo.

THX nayo watu wanaiweka kundi moja na hizo, ila sio mfumo wa kubana sauti, ni muhuri wa ubora uliotoka kwa watu wa Lucasfilm mwaka 1983. Unaweza kukuta filamu ina muhuri wa THX na sauti ndani ni Dolby.

Tuje kwenye diski maana sabufa hata iwe ya milioni haiwezi kutoa kisichokuwepo.

VCD, zile za miaka ya nyuma filamu moja diski mbili, part A na part B, ni ya 1993, inaingia kama dakika 74 tu ndo maana unanyanyuka katikati ya mapigano kwenda kubadilisha. Picha yake 352 kwa 288, sauti stereo tu. Hakuna VCD ya 5.1, muuzaji akikwambia ipo mwache aongee.

DVD ilianza Japani mwishoni mwa 1996, picha 720 kwa 576 kwa sisi wa PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu, GB 4.7 kwa diski ya tabaka moja na 8.5 ya tabaka mbili, na hapa ndo 5.1 inapoanza kwa mtu wa kawaida. Orijino nyingi ni za tabaka mbili, ndo maana katikati ya filamu kuna kukwama kidogo kama sekunde, leza inahama tabaka. Kuna na mambo ya rijini, namba ya eneo ambalo diski imeruhusiwa kuchezwa, Marekani 1, Ulaya na Uarabuni 2, sisi huku na Wahindi na Warusi 5. Ile diski ya Muscat ni rijini 2 na kwa utaratibu huo deki ya kwetu ilitakiwa iikatae, lakini hizi za kichina zinakula zote, hilo mimi nalihesabia kama sifa.

Blu-ray ya 2006 ni kitu kingine kabisa, GB 25 au 50, leza ya bluu-zambarau yenye wimbi fupi zaidi kwa hiyo inaandika herufi ndogo zaidi kwenye nafasi ileile, picha 1920 kwa 1080. Piga hesabu, DVD ina pikseli laki nne na kidogo, Blu-ray milioni mbili na kidogo, ni mara tano. Kwa hiyo ile deki ya DVD yenye HDMI iliyoandikwa 1080p usidanganyike, inavuta picha ileile iwe kubwa, haiongezi kitu ambacho hakikurekodiwa. Kulikuwa na mshindani wake HD DVD, Toshiba wakanyoosha mikono Februari 2008. Sauti za Blu-ray ni Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, hizi zinabanwa bila kupoteza kitu, ukizifumbua unapata kama zilivyotoka studio. Afrika, Ulaya na Uarabuni kote ni rijini B kwa hiyo wenye ndugu Oman au Uingereza hamna shida. Halafu 4K ya 2016, GB mpaka 100, haina rijini kabisa. Bongo hizi hazipo madukani kwa maana ya kuwepo, ukiona mtu anazo ni kaletewa.

Sasa ukweli mchungu. Diski tunazonunua sana huku ni zile za filamu ishirini kwa moja. GB 4.7 gawa kwa ishirini, kila filamu ina kama MB 235. Hapo picha imekamuliwa mpaka usiku kwenye filamu unakuwa vibox vibox vyeusi, na sauti ni stereo iliyobanwa hasa. Za kutafsiriwa ndo kabisa, sauti ya mtafsiri imepigwa juu ya filamu nzima, hizo nazipenda sana na siziachi, lakini usitegemee spika ya nyuma ikutishe. Kwa diski za hivyo deki yangu ina Pro Logic II kwenye menyu, nikiiwasha inachukua stereo na kukisia, kinachofanana kushoto na kulia inakipeleka katikati, kinachopishana inakipeleka nyuma. Ni kukisia lakini sio kukopi kama ile ya duka la kwanza, mtafsiri anakaa katikati chini ya TV vizuri kabisa na mziki unatawanyika. Imenishangaza kuliko nilivyotarajia.

Upande wa TV, watu wa Netflix na ving'amuzi, hapa hii sabufa inafeli. Haina HDMI wala tundu la optikali, lile la waya unaopitisha sauti kwa mwanga, kwa hiyo kutoka kwenye TV unachomeka tundu la hedifoni kwenda AUX na umerudi kwenye stereo. Dawa yake ni kiboksi kidogo cha kufumbua, kinaingiza optikali toka kwenye TV na kinatoa njia sita za kuchomeka kwenye sabufa. Kinafumbua Dolby Digital na DTS, TrueHD na Atmos hakiwezi. Kwenye TV ingia setingi za sauti, pale pa sauti ya kidijitali toa PCM weka Bitstream au Auto, la sivyo TV inatoa stereo tu na utalaumu kiboksi bure. Na mwenye PS3 (PlayStation 3) imelala kabatini au anaichezea mpira tu, hiyo inasoma Blu-ray na ina optikali yake nyuma. Optikali haiwezi kubeba TrueHD wala DTS-HD, ila Blu-ray zenye hizo sauti zina na Dolby au DTS ya kawaida humohumo, ndo utakayoipata, na kwa spika za namna hii inatosha na kubaki. PS4 nayo inasoma Blu-ray ila sio diski za 4K, za 4K ni PS5 yenye sehemu ya diski.

Sasa kasoro za mzigo wenyewe. Boksi limeandikwa wati elfu tisa PMPO. Mgongoni kuna kibati kidogo kimeandikwa 220-240V 50Hz 75W. Luku haidanganyi, kitu kinachovuta wati 75 hakiwezi kukutolea elfu tisa, na hata hizo 75 zinagawanywa kwa spika sita na nyingine zinaishia kuwa joto na mataa. PMPO ni namba ya kuuzia, tafuta RMS, ndo wati za kweli za kuendelea kupiga, isipoandikwa angalia kibati. Kwa sebule ya kawaida inatosha lakini, robo tatu ya sauti hatujawahi kuvuka.

Besi ni ya kuvimba, inajua kupiga noti moja, kila mlipuko unafanana na mwenzake. Nimeishusha mpaka karibu na mwisho na nikaitoa kona, kwenye kona ilikuwa inaunguruma mpaka sufuria za jikoni zinajibu. Kuna mvumo mdogo pia ukiwa hamna kinacholia, usiku unausikia. Spika ya katikati ni ileile na nyingine imelazwa tu, maongezi ya kike yanakuwa makali kidogo. Waya za spika za nyuma ni fupi, zimeishia usawa wa mkono wa kochi, nimenunua waya mwembamba wa mita nikaunga. Ukiunga angalia mstari mwekundu uende kwenye mwekundu, ukigeuza moja besi inapotea na sauti inakuwa kama inatoka kichwani kwako. Na za nyuma zisiwekwe ukutani kule mbali, ziwe pembeni yako zimerudi nyuma kidogo, juu kidogo ya masikio.

Kitu kingine kizuri, kwenye deki kuna setingi inaitwa Dynamic. Ukiibana, milipuko inashuka na minong'ono inapanda. Kwa sisi wa nyumba za kupanga ni lazima, saa nne usiku naibana na tunaangalia vizuri tu bila kushika rimoti kila dakika.

Kwa bei niliyotoa naipa saba kwa kumi kwa mtu mwenye diski orijino au atakayenunua kile kiboksi. Kwa mtu wa flashi na bluetooth tu, chukua ya spika mbili na sabufa, utapata besi bora kwa hela ndogo na sebule haitajaa waya. Mwenye milioni na kitu atafute risiva (amplifaya inayofumbua sauti yenyewe) ya mtumba na spika za mbao, huko tunaongea lugha nyingine.

Ukienda kununua deki ya mtumba beba diski zako. Leza ya CD na ya DVD ndani ni mbili tofauti, fundi atakuwekea CD ya mziki ipige safi kabisa na ya DVD imeshachoka. Weka DVD orijino, halafu ruka mpaka nusu ya pili ya filamu, hapo kwenye tabaka la pili ndo deki iliyochoka inapoanza kugandaganda.